Peni ya Æthelred, ya msalaba mfupi, ya Edward, au groti: ya kwanza iwe ipi?

Kwetu neno moja linabeba mizigo miwili. Fedha ni ile metali nyeupe ya bangili na mikufu, na fedha ni ile inayolipa kodi ya nyumba. Mwingereza wa mwaka 1200 angetuelewa bila mkalimani. Kwake pesa ilikuwa peni ya fedha, kipande chembamba kilichogongwa kwa nyundo, na karibu hakukuwa na sarafu nyingine. Hata shilingi, jina tunalolitumia Kenya, Tanzania na Uganda hadi leo, haikuwa kitu cha kushika mkononi. Ilikuwa hesabu: peni 12 ni shilingi, peni 240 ni pauni. Anayekudai shilingi 5 ulimhesabia peni 60 mezani. Sarafu ya shilingi moja haikugongwa mpaka zama za Henry wa Saba. (Hela nayo ina ukoo kama huo upande wa Ujerumani. Heller iliyoletwa Afrika Mashariki na wakoloni ilirithi jina la peni ndogo ya fedha ya mji wa Hall.)

Anayetaka kuanza kukusanya sarafu hizi hukwama mlangoni. Mlango ni mpana, na kila muuzaji husifia trei yake. Nimechagua makundi manne ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyafikia, nikayapima kwa vigezo vilevile.

Kundi la kwanza ni peni za Æthelred wa Pili (978–1016) na Cnut (1016–1035), za kabla ya Wanormani wa Ufaransa kuiteka Uingereza. La pili ni peni za msalaba mfupi, yaani ambazo msalaba ulio nyuma yake haufiki ukingoni, zilizogongwa kuanzia 1180 hadi 1247. La tatu ni peni za Edward wa Kwanza na wa Pili, kuanzia mageuzi ya 1279 hadi 1327. La nne ni groti, sarafu ya peni nne. Edward wa Kwanza aliijaribu, lakini ilishika mizizi kuanzia 1351 chini ya Edward wa Tatu, nami nitaifuata hadi karne ya 15.

Vigezo ni vitano: bei, namna sarafu inavyokaa mkononi, maandishi yake, kazi ya kuiainisha, na mitego. Nitangulize upendeleo wangu ili uniwekee breki mwenyewe: mimi ni mtu wa msalaba mfupi.

Bei

Peni za Edward ndizo rahisi kuzipata. Ziligongwa kwa mamilioni na zikafukiwa kwa mamilioni. Limbiko lililoibuliwa mwaka 1831 katika mto Dove, karibu na Tutbury huko Staffordshire, peke yake lilikuwa na sarafu zinazokadiriwa kupita 100,000. Peni ya London au Canterbury iliyo safi kiasi huuzwa kwa makumi ya pauni. Ya msalaba mfupi hupanda kidogo juu ya hapo, ila ina kichochoro cha nafuu: vipande. Kabla ya 1279 aliyetaka nusu peni aliikata peni katikati kwa kufuata mstari wa msalaba, na aliyetaka robo aliikata tena. Nusu hizo zinauzwa kwa bei ndogo, nami sioni aibu kuwa nazo. Ziligongwa nzima, zikakatwa ili zikanunue mkate.

Groti zina ngazi. Chini kabisa zipo za Henry wa Sita zilizogongwa Calais, mji wa pwani ya Ufaransa, miaka ya 1420, zenye alama ya kipete kidogo. Hizo ni nyingi mno, na kwa bei yake unapata fedha nyingi. Juu kabisa yuko Richard wa Tatu, aliyetawala miaka miwili tu, na bei yake hupaa kwa sababu ya jina.

Za Æthelred na Cnut ni mamia ya pauni. Bei ya moja inaweza kukununulia tano au zaidi za Edward. Lakini ajabu ni kwamba zinapatikana kabisa, na sababu yake ni ya kusikitisha: Uingereza ilikuwa ikiwalipa Waviking, wavamizi kutoka Skandinavia, waondoke. Mwaka 991, baada ya vita vya Maldon, walilipwa pauni 10,000, yaani peni 2,400,000. Mwaka 1018 Cnut, Mviking mwenyewe aliyekuwa tayari mfalme wa Uingereza, alitoza pauni 72,000, na London ikaongezewa 10,500 juu yake. Fedha hiyo ilivuka bahari, ikafukiwa Sweden, Denmark na Norway, na ndiyo maana peni za Æthelred zilizofukuliwa Skandinavia ni nyingi kuliko zilizofukuliwa Uingereza kwenyewe.

Unaponunua ukiwa nje ya Uingereza, weka hesabuni posta na ushuru. Vyote viwili vinaweza kuzidi bei ya peni ya Edward.

Mkononi

Picha za mtandaoni hudanganya. Peni zote tatu zina kipenyo cha milimita 18 hadi 20 hivi, ukubwa wa kifungo cha koti, na uzito wa gramu moja na nusu hivi. Za Æthelred hupishana zaidi, kwa sababu uzito ulibadilishwa kila toleo jipya lilipotoka. Rafiki yangu alipofungua bahasha yake ya kwanza alidhani ametumiwa sampuli.

Groti ndiyo inayojaza kiganja. Ina milimita 24 hadi 27, na uzito wake unakusimulia habari za hazina ya mfalme: gramu 4.67 mwaka 1351, gramu 3.89 baada ya 1412, gramu 3.11 baada ya 1464. Ukiziweka tatu kwa mpangilio, hata mtoto ataona mkate ukipungua huku bei ikibaki ileile.

Kwa sura, Æthelred anatazama pembeni, mara ameshika fimbo ya enzi, mara amevaa kofia ya chuma yenye miale. Cnut ana toleo lenye kofia iliyochongoka kama pia. Mfalme wa msalaba mfupi anakukodolea macho, ndevu ni nukta nukta na nywele ni vipete viwili au vitatu kila upande, kama mchoro wa mtoto wa chekechea. Edward wa 1279 ni nadhifu, nywele zimetiwa mawimbi, taji lina maua matatu. Sura hiyohiyo, ikiwa na mabadiliko madogo, ikavalishwa wafalme wote waliofuata mpaka Henry wa Saba alipoweka picha yake halisi ya pembeni mwanzoni mwa karne ya 16. Kwa hiyo anayetaka nyuso tofauti za wafalme atachoka na groti mapema: Edward wa Tatu, Henry wa Sita na Edward wa Nne wanaweza kupishana njiani usiwatofautishe.

Maandishi

Hapa ndipo penye utamu. Sarafu hizi hazina mwaka. Herufi ndizo zinazokuambia umeshika nini, na kila kundi linazungumza kwa namna yake.

Tangu mageuzi ya Mfalme Edgar, karibu mwaka 973, kila peni ilimtaja mfalme mbele, na nyuma ikamtaja mfua sarafu na mji wake. Peni ya Æthelred itakusomea +ÆÐELRÆD REX ANGLO, na nyuma utamkuta Godwine au Leofric wa mji fulani kati ya miji zaidi ya 60. Herufi Ð inawatisha wengi wiki ya kwanza, lakini sisi tunayo sauti yake tangu utotoni: ni dh ya dhahabu. Msemaji wa Kiswahili anaitamka Æðelræd vizuri kuliko Mfaransa.

Jina la mfua sarafu halikuwekwa kwa heshima. Liliwekwa ili ajulikane wa kukamatwa. Krismasi ya mwaka 1124 Henry wa Kwanza aliwaita wafua sarafu Winchester, na walioonekana kupunguza fedha wakakatwa mkono wa kulia na kuhasiwa. Unaposoma jina nyuma ya peni, unasoma mtu aliyeweka rehani mwili wake.

Msalaba mfupi una kichekesho chake. Mbele unasoma HENRICVS REX daima. Henry wa Pili alianza, akaja Richard, akaja John, kisha Henry wa Tatu, na jina halikubadilishwa hata mara moja kwa miaka 67. Anayetaka peni ya Richard Moyo wa Simba atauziwa peni ya Kiingereza iliyoandikwa Henry, na muuzaji hatakuwa amemdanganya. John anatajwa kwenye sarafu za Ireland tu. Nyuma kuna maandishi kama ILGER ON LVND, Ilger wa London, yenye maneno matatu tu, na mtu mvumilivu huyasoma jioni ya kwanza.

Mwaka 1279 Edward alifuta majina ya wafua sarafu. Aliyebaki ni Robert de Hadeleie wa Bury St Edmunds. Kwingine kote unasoma mji kwa Kilatini: CIVITAS LONDON, CIVITAS CANTOR. Herufi ni safi na kubwa, kwa hiyo kwa anayeanza hili ndilo darasa jepesi. Ukiweka peni ya York ya msalaba mfupi kando ya ya Edward, ya kwanza inasema EVERWIC na ya pili EBORACI, mji uleule.

Groti ina duara mbili za maandishi nyuma. Ya ndani ni mji, ya nje ni sala: POSVI DEVM ADIVTOREM MEVM, nimemweka Mungu kuwa msaidizi wangu. Lakini habari tamu zipo mbele. Edward wa Tatu alijiita pia mfalme wa Ufaransa. Baada ya mkataba wa Brétigny wa 1360 neno FRANC likaondolewa, akaandikwa bwana wa Aquitaine, jimbo la kusini-magharibi mwa Ufaransa. Vita viliporudi mwaka 1369, Ufaransa ikarudi kwenye sarafu. Hayo yote yamo kwenye kipande cha fedha cha gramu nne na ushei.

Kazi ya kuainisha

Wengine hununua sarafu waiweke kwenye kisanduku. Wengine wanataka kitu cha kuwaweka mezani na kioo cha kukuzia mpaka saa saba za usiku. Jiulize wewe ni yupi.

Za Æthelred na Cnut zinaainishwa kwa toleo, na matoleo ni machache yanayotofautiana waziwazi: mkono wa Mungu, neno CRVX kwenye pembe za msalaba, msalaba mrefu, kofia ya chuma. Dakika mbili zinatosha. Kazi iliyobaki ni mfua sarafu na mji. Hapo unasaidiwa na kumbukumbu za bure mtandaoni za jumba la makumbusho la Fitzwilliam, Cambridge, zinazoorodhesha sarafu moja moja zilizookotwa Uingereza za kuanzia mwaka 410 hadi 1180.

Msalaba mfupi una makundi 8 yenye vijikundi, na unahesabu vipete vya nywele, unatazama nukta ndani ya kipete, umbo la herufi X, kama S imegeuzwa (hiyo ni dalili ya kundi 5a la John). Kwa kuwa jina la mfalme halisaidii, ni kazi hii peke yake itakayokuambia kama umeshika peni ya Richard au ya John. Ndiyo iliyoniteka.

Edward ana makundi 15, la 1 hadi la 10 yakihesabiwa zaidi ya baba, Edward wa Kwanza, la 11 hadi la 15 ya mwana, Edward wa Pili. Mpango huu unatokana na kazi ya ndugu wawili, akina Fox, mwanzoni mwa karne ya 20. Taji, umbo la herufi na namna jina lilivyofupishwa ndiyo funguo: EDW REX ni ya mwanzo kabisa, EDW R inafuata, na ukiona EDWA, EDWAR au EDWARD umefika mwaka 1301 na kuendelea. Durham inaongeza vionjo, maana maaskofu wake waliweka alama zao. Askofu Bek aliweka msalaba wenye ncha zilizopinda, Kellawe fimbo ya kiaskofu, Beaumont simba.

Groti huainishwa kwa vialama vidogo kando ya herufi: kipete, ua, koni ya msonobari, jani. Ni rahisi kuanza na ngumu kumaliza.

Mitego

Mtego wa kwanza ni wa zamani kama sarafu zenyewe: mkasi. Watu walikata kingo, wakakusanya vipande, wakaviyeyusha. Msalaba mfupi haukufika ukingoni, hivyo aliyepokea peni hakujua kirahisi kama imepunguzwa. Ndiyo sababu mwaka 1247 Henry wa Tatu aliurefusha msalaba mpaka ukingoni. (Peni hizo za msalaba mrefu, 1247–1279, zilistahili safu yao hapa. Nimeziacha kwa kuwa nyingi ya faida zake zimo kwenye kundi la pili. Ukipata nzuri, ichukue.) Haikusaidia sana. Mwaka 1278 Edward alikamata Wayahudi wa Uingereza kwa tuhuma za kukata sarafu, na zaidi ya 200 wakanyongwa London, wakati Wakristo wengi walioshtakiwa kosa lilelile walitozwa faini. Anayekusanya peni za 1279 akijua hilo huzitazama kwa jicho jingine.

Kwa vitendo: pima uzito kabla ya kulipa, au mwombe muuzaji auandike. Peni ya Edward ya gramu 1.1 imekatwa, au imelika, au si yenyewe.

Mtego wa pili ni nakala za zama zilezile. Mfalme Sihtric wa Dublin alinakili sarafu za Æthelred, na Sweden ilinakili pia. Watawala wa nchi za Ujerumani walinakili msalaba mfupi. Peni ya Edward iliigwa kuliko zote huko Flanders (sehemu ya Ubelgiji ya leo) na kwa majirani zake. Nyingi za nakala hizo zilimvisha mfalme shada la mawaridi mahali pa taji, na zilipigwa marufuku mwaka 1300. Usizitupe. Baadhi ni ghali kuliko sarafu zilizoigwa.

Mtego wa tatu ni bandia za leo, na zinafuata pesa. Za Æthelred na za wafalme wenye majina makubwa hughushiwa zaidi kuliko peni ya London ya Edward, ambayo kuighushi hakulipi. Tazama mshono ukingoni na vishimo vidogo vinavyoachwa na viputo vya hewa metali inapoyeyushwa na kumiminwa. Peni ya Æthelred yenye vidonda vidogo vya ncha ya kisu isikutie hofu: Waviking waliipima hivyo kujua kama ni fedha tupu. Mimi naipenda zaidi ikiwa navyo.

Wa nne nilinaswa mwenyewe. Peni yangu ya pili ilikuwa inang'aa kama kijiko kipya, na nilifurahi mpaka mzee mmoja aliponiuliza kwa nini nimenunua sarafu iliyosuguliwa. Rangi ya kijivu ni ngozi yake. Usiisugue kwa chochote. Wasomaji wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, mna unyevu na chumvi hewani, kwa hiyo tumieni bahasha za karatasi isiyo na asidi ndani ya boksi lililofungwa vizuri. Epukeni mifuko laini ya plastiki inayonuka, huacha utelezi wa kijani.

Na uliza sarafu ilikotoka. Sheria ya hazina ya Uingereza ya 1996 inamtaka aliyeokota sarafu mbili au zaidi za fedha zenye umri wa miaka 300 katika ugunduzi mmoja atoe taarifa. Vitu vya kale vilivyochimbwa katika udongo wa nchi hiyo vina sheria za kuvisafirisha nje pia, basi mwombe muuzaji akuthibitishie kuhusu kibali. Asiyetaka kujibu, mwache na sarafu yake.

Ipi, kwa hali ipi

Kama una bajeti ndogo na hujawahi kushika sarafu ya kale, nunua peni ya Edward ya London au Canterbury, yenye jina linalosomeka lote na uzito ulioandikwa. Inafundisha macho, na ukikosea hujaumia.

Kama unapenda fumbo na una subira, nunua tatu za msalaba mfupi kwa mpigo badala ya moja nzuri. Moja haikufundishi kitu, tatu zinaanza kubishana. Ongeza nusu iliyokatwa.

Kama macho yamepungua nguvu, au unataka zawadi ya mtu asiye mkusanyaji, au kitu cha kuonyesha darasani, chukua groti ya Calais. Inasomeka bila kioo na inajaza kiganja.

Kama unataka sarafu moja tu maishani, weka akiba uende kwa Æthelred, kwa muuzaji anayekupa risiti na dhamana ya maandishi. Msomaji wa Pemba ana sababu ya ziada. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu lilifukuliwa limbiko la vijisarafu vya fedha zaidi ya 2,000 vya watawala wa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu ambazo ya mwisho kati yake ni ya mwaka 1066, mwaka uleule Wanormani walipotua Uingereza. Vijisarafu vyetu vilikuwa vidogo kuliko peni ya Æthelred, na navyo vilikuwa na jina la mtawala kwa herufi za Kiarabu.

Na kama bado huwezi kuamua, nenda kwenye maonyesho ya sarafu au mnada ukazishike zote nne kabla ya kutoa pochi. Ushike kwa ukingo.